Kadi Nafuu Hupimwa Ndani ya Kompyuta Yako

Intel ilipotoa kadi ya michoro ya Arc B580 Desemba 2024, wapenzi wa gemu waliipokea kwa shangwe, na walikuwa na sababu. Kwa dola 249 mnunuzi alipata gigabaiti 12 za memori, wakati RTX 4060 ya Nvidia, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 299, ilikuwa na gigabaiti 8. Vipimo vya mwanzo viliiweka B580 mbele katika gemu nyingi. Halafu Januari 2025 wapimaji wakaichomeka kwenye kompyuta zenye prosesa za zamani kidogo, kama Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018, na katika baadhi ya gemu mambo yakapinduka: RTX 4060 ikatangulia.

Mabishano yakawaka. Wapo walioiita kadi mbovu, wapo walioitetea kwa bei yake. Nionavyo mimi, pande zote mbili zilikuwa zikipima kadi peke yake. Thamani ya kadi nafuu hutegemea mashine inayoipokea, na anayenunua kadi nafuu mara nyingi ndiye mwenye mashine kuukuu.

Tuanze na prosesa. Kila fremu unayoiona kwenye skrini huanzia huko: prosesa hupanga nani yuko wapi na risasi imepita wapi, kisha hupeleka maagizo kwa kadi ili ichore. Maagizo hayo hupitia kwenye draiva, na draiva ya Intel wakati ule iliibebesha prosesa mzigo mkubwa kuliko draiva za washindani. Prosesa mpya iliumudu. Ya zamani ililemewa, na kadi ikabaki inasubiri kazi. Draiva za baadaye zilipunguza pengo hilo katika baadhi ya gemu. Lakini lipo sharti lingine: kadi za Arc huhitaji Resizable BAR, uwezo unaoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo badala ya vipande vya megabaiti 256. Kwa prosesa zake yenyewe, Intel hupendekeza kuanzia kizazi cha 10. Uwezo huo ukikosekana, kasi ya Arc hushuka vibaya.

Memori nayo ina masharti yake. Januari 2022 AMD ilitoa RX 6500 XT kwa dola 199, ikiwa na gigabaiti 4 za memori na njia nne tu za PCIe za kuwasiliana na kompyuta. Gemu inapozijaza gigabaiti hizo, data inayozidi huhamia kwenye RAM ya kompyuta, na kila inapohitajika hulazimika kupita kwenye njia hizo nne. Ndani ya kadi data hukimbia hadi gigabaiti 144 kwa sekunde. Kwenye njia nne za PCIe 4.0 ni takriban 8, na kwenye PCIe 3.0 ni takriban 4. Mchezaji huliona kwa macho: anakata kona, picha inaganda, ukuta ulio mbele yake unatokea umefifia, na picha inapoachia ameshapigwa risasi. Prosesa za mezani za Intel zilizotangulia kizazi cha 11 hazina PCIe 4.0. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya zamani alilipa bei ileile, akapata nusu ya kasi ya njia hizo.

Jambo hili linatuhusu sana Afrika Mashariki, ambako vijana wengi huanza gemu kwa kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na Marekani. Fungua ubavu wa mashine ya namna hiyo usome lebo ya pawa saplai: aghalabu utakuta wati 240 au 290, na huenda usione waya wowote wa kupeleka umeme kwenye kadi. Nafasi ya kadi yenyewe hutoa wati 75, ilhali B580 hula hadi 190 na hudai plagi ya pini 8. Fundi akikuambia atatumia adapta kutoka kwenye waya wa diski, kataa. Plagi ya diski haikuundwa kubeba umeme huo na inaweza kuyeyuka au kuwaka. Kwa mashine kama hiyo inafaa zaidi RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka 2024, inayotumia wati 70 na kutosheka na umeme wa nafasi yake. Kwa nguvu haiifikii B580 hata kidogo, lakini itafanya kazi.

Kumbuka pia kwamba bei inayotangazwa Marekani haina kodi. Ongeza usafirishaji, VAT ya asilimia 16 Kenya au 18 Tanzania Bara, na faida ya muuzaji, ndipo ulinganishe.

Kwa mwenye prosesa ya miaka ya karibuni na pawa saplai ya kutosha, B580 ni kadi nzuri, na gigabaiti zake 12 zitamfaa kwa muda mrefu. Mwenye mashine ya zamani asiinunue kwa kuvutiwa na grafu zilizopimwa kwa prosesa ya bei kubwa. Aandike kwanza mambo matatu: jina la prosesa, toleo la PCIe, na wati za pawa saplai. Aende dukani na karatasi hiyo, na muuzaji asiyeuliza hata moja kati ya hayo asimkabidhi fedha zake.