Jibu la Desemba si hukumu ya mtoto

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo linalozikosesha usingizi baadhi ya nyumba za mjini kila ifikapo katikati ya Desemba. Nasema usingizi, wala sitii chumvi. Baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani hutoa majibu saa moja jioni kwa saa za pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Kwetu huku hiyo ni saa tisa usiku. Kijana yuko mbele ya kompyuta, na wazazi wako macho pamoja naye.

Majibu hayo ni ya kile kinachoitwa uamuzi wa mapema. Kule Marekani hakuna ofisi moja ya taifa inayogawa nafasi za vyuo. Kila chuo hujichagulia wanafunzi wake kwa matokeo ya shule, insha, barua za walimu na mambo mengine. Maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari kwa vyuo vingi vinavyogombewa, majibu hutoka karibu na mwisho wa Machi, na mwanafunzi hutakiwa kuchagua kufikia Mei Mosi.

Uamuzi wa mapema ni mlango mwingine. Mwombaji hupeleka maombi mwezi Novemba, kwa chuo kimoja tu. Yeye, mzazi wake na mwalimu mshauri hutia saini kwamba akikubaliwa atakwenda hapo na kufuta maombi yake kwingine. Njia inayojulikana ya kujitoa ni moja: msaada wa fedha uliotolewa usipotosheleza. Mzazi asitie saini hiyo kama anayesaini risiti ya duka. Gharama za vyuo vingi vya namna hiyo sasa hupita dola 80,000 kwa mwaka, na mwenye kuahidi mapema hapati nafasi ya kulinganisha msaada wa chuo hiki na wa kile.

Vyuo vinaupenda utaratibu huu kwa sababu vinajua mapema nani atakuja. Vipo vinavyojaza karibu nusu ya nafasi zao kwa njia hiyo. Wako wanaolalamika kwamba unamfaa mwenye uwezo kuliko maskini. Mwaka 2006 Harvard na Princeton vilitangaza kufuta maombi ya mapema kwa hoja ya namna hiyo, lakini mwaka 2011 vyote viwili vikatangaza kuyarudisha. Leo vyuo hivyo, pamoja na Yale na Stanford, vina maombi ya mapema yasiyomfunga mwanafunzi: hupata jibu Desemba, lakini ana hadi Mei kuamua.

Sasa tuje kwenye majibu yenyewe. Yako matatu: umekubaliwa, umeahirishwa, au umekataliwa.

Aliyekubaliwa tumpongeze. Wajibu wake wa kwanza ni kusoma barua ya fedha pamoja na wazazi, mstari kwa mstari, na kuuliza chuo palipo na utata. Wa pili ni kufuta maombi mengine bila kuchelewa, maana ahadi ni deni. Na asiache masomo, kwa kuwa chuo kinaweza kubatilisha nafasi ya mwanafunzi aliyeporomoka katika muhula wa mwisho.

Aliyeahirishwa hakukataliwa. Maombi yake yamesogezwa mbele yapimwe tena pamoja na ya wengine, na jibu atalipata Machi. Kuanzia hapo hafungwi tena na saini yake. Kama chuo kinaruhusu, aandike barua moja fupi kueleza kwamba bado anakitaka na nini kipya amefanya, na shule ipeleke matokeo yake mapya. Kupiga simu kila juma na kutafuta wakubwa wa kumsemea hakutamsaidia.

Aliyekataliwa ndiye hasa ninayemfikiria leo. Kwanza tutazame hesabu. Mwaka 2024 Harvard ilipata maombi 54,008, na waliokubaliwa, wa mapema na wa kawaida pamoja, walikuwa 1,970. Maana yake, katika kila waombaji 100 hawakufika wanne waliopita. Je, waliobaki, zaidi ya 52,000, wote ni wajinga? La hasha. Wengi wao walikuwa wanafunzi wazuri. Chuo chenye nafasi chache hukataa hata wanaostahili, na kukataliwa hakumwambii kijana kwamba hana akili.

Pili, tusisahau kalenda. Kutoka jibu la Desemba hadi kufungwa kwa maombi mengi ya kawaida ni majuma mawili hivi, tena ya sikukuu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Maombi ya vyuo vingine yaandaliwe tangu Novemba, ili kijana mwenye huzuni asilazimike kuandika insha sita huku machozi yakimtoka.

Tatu, wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti mwaka 2002. Walilinganisha wanafunzi waliokuwa wameomba na kukubaliwa na vyuo vinavyofanana, wengine wakaenda vyenye majina makubwa, wengine wakachagua vya kawaida. Baada ya miaka mingi, mapato yao kwa jumla hayakutofautiana sana. Lakini haki lazima isemwe: kwa watoto wa familia maskini, chuo chenye ushindani kilionekana kuongeza kipato. Kwa hiyo kujaribu si upuuzi. Upuuzi ni kuamini kwamba nje ya chuo kimoja hakuna maisha.

Mwaka 1960 msichana kutoka Nyeri, Wangari Maathai, alikwenda kusoma Mount St. Scholastica, chuo kidogo katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Nadhani wengi wenu hamjapata kusikia jina la chuo hicho. Lakini jina lake yeye mnalijua, kwani mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wazazi wenzangu, nina neno moja kwenu. Usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Mkiutangazia mtaa mzima kwamba mtoto anakwenda chuo fulani, siku ya jibu baya atabeba mizigo miwili: huzuni yake na aibu yenu. Usiku huo msimuulize alikosea wapi, wala msimtajie mtoto wa jirani. Mwacheni alie, mpeni chai, akalale. Asubuhi kaeni naye mfungue orodha ya vyuo vilivyobaki, kwa maana mwisho wa maombi uko karibu.