Ali Daei: Mabao 109 na Kipimo cha Mshambuliaji

Katika kandanda hakuna kazi inayohesabika kwa urahisi kama ya mshambuliaji wa kati, kwa kuwa beki hupimwa kwa hatari ambazo hazikutokea, na kiungo hupimwa kwa pasi ambazo watazamaji wengi huzisahau kabla ya kipenga cha mwisho, ilhali bao likishafungwa huandikwa kitabuni na kubaki humo. Ndiyo maana jina la Ali Daei, aliyeichezea timu ya taifa ya Iran kuanzia mwaka 1993 hadi 2006, limefungamana na tarakimu moja, 109, ambayo ni idadi ya mabao iliyomweka juu ya wanaume wote waliowahi kufungia mataifa yao kwa muda wa karibu miaka 18. Hata hivyo tarakimu hiyo imesomwa kwa namna mbili zinazopingana, kwani wako wanaoiona kuwa ushahidi wa ukubwa wake na wako wanaoiona kuwa zao la kukutana mara kwa mara na timu dhaifu za Asia, na maisha yake yakifuatwa hatua kwa hatua yanaonyesha kwamba kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Inafaa kwanza kueleza ni mabao gani yanayoingia katika hesabu ya namna hii. Mabao ya klabu hayamo, wala ya timu za taifa za vijana. Yanayohesabiwa ni yale yaliyofungwa katika mechi kamili za kimataifa, yaani mechi baina ya timu za kwanza za mataifa mawili, ziwe za mashindano makubwa, za kufuzu, au za kirafiki. Penalti iliyopigwa ndani ya muda wa mchezo huhesabiwa, lakini mikwaju ya kumpata mshindi baada ya muda wa nyongeza haihesabiwi. Aidha orodha ya wanaume hutunzwa mbali na ya wanawake, na zikiunganishwa hakuna mwanamume anayemfikia Christine Sinclair wa Kanada, aliyeifungia nchi yake mabao 190.

Daei alizaliwa tarehe 21 Machi 1969 katika mji wa Ardabil, kaskazini-magharibi mwa Iran, katika eneo la wasemaji wa Kiazeri lisilo mbali na Bahari ya Kaspi, na siku hiyo ni ya majira ya Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi ambao jina lake lilivuka bahari likafika pwani ya Afrika Mashariki kama Nairuzi. Ujana wake uliangukia katika miaka ya vita vya Iran na Iraki, vilivyodumu kuanzia 1980 hadi 1988, na tofauti na wachezaji wengi wa kiwango chake hakuiacha elimu ili aufuate mpira, bali alikwenda Tehran kusomea uhandisi wa metali katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sharif, chuo chenye heshima kubwa nchini humo katika fani za sayansi na uhandisi, akahitimu huku akizichezea klabu za Taxirani na Bank Tejarat. Kwa sababu hiyo hakuwa mtoto wa maajabu aliyelelewa katika chuo cha soka, na alipoitwa kwa mara ya kwanza kuichezea Iran, dhidi ya Pakistan tarehe 6 Juni 1993, alikuwa tayari ana umri wa miaka 24.

Kuchelewa huko kunafaa kukumbukwa kila rekodi yake inapojadiliwa, maana mabao yote 109 yalifungwa katika kipindi cha miaka 13 kilichoanza katika umri ambao washambuliaji wengi mashuhuri huwa wamekwisha kuzitumikia timu zao za taifa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1994 alijiunga na Persepolis, mojawapo ya klabu mbili kubwa za Tehran, na miaka miwili baadaye akaenda Al Sadd ya Qatar. Lakini kilichomtambulisha kwa bara zima ni Kombe la Asia la 1996, mashindano ya mataifa ya bara hilo yaliyofanyika katika Falme za Kiarabu, ambako aliibuka mfungaji bora kwa mabao 8.

Manne kati ya hayo yalifungwa katika mechi moja ya robo fainali dhidi ya Korea Kusini, timu ambayo hakuna anayeweza kuiita dhaifu. Hadi mapumziko Wakorea walikuwa mbele kwa mabao 2 kwa 1, kisha Khodadad Azizi akasawazisha, na kuanzia dakika ya 66 Daei akafunga peke yake mabao manne mfululizo, mechi ikamalizika kwa ushindi wa Iran wa 6 kwa 2. Iran haikutwaa kombe, kwani ilitolewa na Saudi Arabia kwa mikwaju ya penalti katika nusu fainali na kuishia nafasi ya tatu, lakini tangu hapo mabeki wa Asia walijua kwamba mpira wa juu ukielekezwa kwa Daei, kuufikia kabla yake ni kazi nyingine.

Ufundi wake hasa ulikuwa kichwani. Mshambuliaji wa namna yake hutegemea krosi, yaani mpira unaopigwa na winga kutoka pembeni kuingia eneo la hatari, na wengi hudhani kwamba urefu wa mwili ndio unaotosha kuumalizia, ilhali beki wa kati naye kwa kawaida huwa mrefu. Kinachotofautisha ni wakati wa kuruka, kwa kuwa anayeruka mapema hukutana na mpira akiwa ameanza kushuka na anayechelewa huukuta umekwisha kuguswa, pamoja na uwezo wa kukaza shingo ili mpira uelekezwe chini, mahali ambapo mlinda mlango hupata taabu zaidi kuufikia. Daei hakuwa mwepesi wa chenga wala mwenye kasi ya kuwaacha mabeki, na wenzake kama Azizi, Karim Bagheri na Mehdi Mahdavikia walimpita kwa mambo hayo. Yeye alikuwa mtu wa kusimama panapostahili, kuupokea mpira huku amempa beki mgongo, na kungoja.

Sifa hizo zilionekana hata siku ambazo hakufunga. Tarehe 29 Novemba 1997, mjini Melbourne, Iran ilirudiana na Australia katika mchezo wa mwisho wa kuwania nafasi ya kwenda Kombe la Dunia, baada ya sare ya 1 kwa 1 Tehran, na Waaustralia wakatangulia kwa mabao mawili. Bagheri alirudisha moja, kisha Daei akapenyeza pasi iliyompa Azizi bao la kusawazisha, na Iran ikafuzu kwa kanuni ya bao la ugenini, ambayo hulipa uzito zaidi bao lililofungwa nje ya nyumbani pale jumla zinapolingana. Hivyo Iran ilirejea kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1978, na huko Ufaransa, tarehe 21 Juni 1998 mjini Lyon, ikaifunga Marekani 2 kwa 1, ushindi wake wa kwanza katika historia ya mashindano hayo, kwa mabao ya Hamid Estili na Mahdavikia.

Wakati huo Daei alikuwa amekwisha kuhamia Ujerumani, alikojiunga na Arminia Bielefeld mwaka 1997 pamoja na Bagheri, akahamia Bayern Munich mwaka uliofuata, kisha Hertha Berlin kuanzia 1999 hadi 2002. Akiwa na Bayern alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1999, ingawa mara nyingi alianzia benchi, na akiwa na Hertha alipata usiku wake mkubwa zaidi barani Ulaya mnamo Septemba 1999, alipofunga mabao yote mawili ya ushindi wa 2 kwa 1 dhidi ya Chelsea katika Ligi ya Mabingwa, na wiki moja baadaye akafunga tena katika sare ya 1 kwa 1 na AC Milan. Mwaka huohuo alichaguliwa Mchezaji Bora wa Asia. Hata hivyo jumla ya mabao yake katika ligi kuu ya Ujerumani ilikuwa 19 katika mechi 107, kiasi cha kawaida kabisa, na hapo ndipo wenye shaka hupata hoja yao ya kwanza.

Hoja yao ya pili inatoka kwenye ratiba ya Asia. Katika bara hilo mchujo wa Kombe la Dunia na wa Kombe la Asia huwakutanisha vigogo wachache na mataifa mengi ambayo kandanda yake ingali changa, na Daei aliwafunga Sri Lanka mabao matano katika mechi moja ya mwaka 1996, na Laos manne mwaka 2004. Wapinzani wake husisitiza vilevile kwamba katika fainali mbili za Kombe la Dunia alizocheza, za 1998 na 2006, hakupata hata bao moja. Mambo haya ni ya kweli na hayafichiki.

Lakini hoja hiyo ikipimwa kwa haki hupungua uzito. Mabao 35 aliyafunga katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, ambamo zimo pia zile za mchujo mkali dhidi ya mataifa makubwa ya bara, na 14 aliyafunga katika fainali za Kombe la Asia za 1996, 2000 na 2004, idadi ambayo haijafikiwa na mchezaji mwingine katika mashindano hayo. Zaidi ya hapo, ratiba hiyohiyo waliipata washambuliaji wote wa Iran, Japani, Korea Kusini na Saudi Arabia wa kizazi chake, wakakutana na timu hizohizo ndogo, na hakuna kati yao aliyeukaribia wastani wake wa takriban mabao matatu katika kila mechi nne kwa miaka 13. Udhaifu wa mpinzani unaweza kueleza mabao matano ya siku moja, ila hauelezi ni kwa nini mtu mmoja aliendelea kuitwa na kuendelea kufunga hadi alipofika umri wa miaka 37.

Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Ferenc Puskás, mshambuliaji wa Hungaria wa miaka ya 1940 na 1950, aliyeifungia nchi yake mabao 84 katika mechi 85 na ambaye kwa kiwango cha bao kwa mechi Daei hakumkaribia. Tarehe 28 Novemba 2003, katika mechi ya kufuzu Kombe la Asia dhidi ya Lebanon, Daei alifunga bao lake la 85, na tarehe 17 Novemba 2004, katika ushindi wa 7 kwa 0 dhidi ya Laos, akawa mwanamume wa kwanza kufikisha mabao 100 ya kimataifa. Bao la mwisho alilifunga dhidi ya Costa Rica tarehe 1 Machi 2006, na baada ya Kombe la Dunia la mwaka huo nchini Ujerumani, alikokwenda akiwa nahodha huku Wairani wengi wakihoji kama bado anastahili nafasi yake, hakuivaa tena jezi ya taifa.

Baada ya hapo alishika kazi ya ukocha, na mwanzo wake ulikuwa wa aina yake, kwa kuwa aliiongoza Saipa kutwaa ubingwa wa Iran mwaka 2007 akiwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Alikabidhiwa timu ya taifa mwaka 2008 na kuondolewa Machi 2009 baada ya kufungwa na Saudi Arabia mjini Tehran, kisha akaipatia Persepolis Kombe la Hazfi, ambalo ni kombe la mtoano la nchi hiyo, miaka ya 2010 na 2011. Nje ya uwanja alikusanya michango kwa ajili ya walioathiriwa na tetemeko la ardhi la Kermanshah la Novemba 2017, na mwaka 2022, maandamano yalipoenea nchini kufuatia kifo cha Mahsa Amini, mwanamke kijana aliyekuwa ameshikiliwa na polisi, aliwaunga mkono waandamanaji waziwazi, akanyang'anywa pasipoti kwa muda, biashara zake zikafungwa, na mwezi Desemba ndege iliyokuwa ikielekea Dubai ikateremshwa katika kisiwa cha Kish ili mkewe na binti yake washushwe. Umaarufu uliotokana na mabao ulikuwa umempa sauti, na sauti hiyo ikawa na gharama.

Rekodi yenyewe ilifikiwa tarehe 23 Juni 2021, Cristiano Ronaldo alipoifungia Ureno penalti mbili dhidi ya Ufaransa na kutimiza mabao 109, na kwa sadfa mechi hiyo ilichezwa Budapest katika uwanja unaoitwa kwa jina la Puskás. Daei alimpongeza hadharani bila kinyongo. Baadaye baadhi ya vitabu vya kumbukumbu vilimpunguzia bao moja, kwa kuona kwamba mechi lilimofungwa haikuwa kamili ya kimataifa, hivyo leo hesabu yake huandikwa pia kuwa 108, na mwaka 2024 Lionel Messi wa Argentina naye akaipita. Tarakimu iliyodhaniwa kuwa ya mwamba imeguswa kwa kalamu na kwa mguu. Lakini tarehe 1 Septemba 2021, Ronaldo alipompita Daei kwa kufunga mara mbili dhidi ya Ayalandi katika dakika za mwisho, mabao yote mawili yalitokana na krosi, kuruka kwa wakati na kichwa, na hivyo rekodi ya mtu wa Ardabil ikaondoka mikononi mwake kwa ufundi uleule uliomfikisha hapo.