Fangasi wa Mpunga na Nduguye wa Ngano

Mvua ikishika mfululizo kwenye majaluba ya Shinyanga na Kahama, mkulima wa mpunga huyakagua majani akitafuta vidoa vyenye umbo la jicho, kijivu katikati, kahawia pembezoni. Ni blasti. Ikipanda hadi shingo ya suke, suke husimama jeupe, halina punje. Fangasi anayeileta, Magnaporthe oryzae, ana nduguye anayeshambulia ngano. Habari za nduguye huyo zinamfikia hata mchimbaji mdogo wa Geita anayeamkia chapati, maana ngano nyingi inayoliwa Tanzania huagizwa nje.

Wote wawili huingia kwa nguvu. Spora ikitua kwenye jani bichi lenye umande, huota na kujenga kifuko chenye presha inayofikia megapaskali 8, takriban mara 40 ya tairi la gari, kisha hutoboa. Ili kujua kazi ya kila jeni, watafiti huizima moja na kutazama kinachoharibika. Fangasi wa mpunga akinyimwa ALB1 hatengenezi melanini, rangi nyeusi inayokiwezesha kifuko kuhimili presha: jani zima humshinda, lenye jeraha huliingia. Akinyimwa PMK1, hata jeraha halimsaidii.

Zipo jeni zinazomponza fangasi mwenyewe. PWT3 hutoa protini ambayo ngano yenye jeni Rwt3 huitambua na kumzuia mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Brazil ilipanda kwa wingi aina ya Anahuac, isiyo na Rwt3. Fangasi aliyezoea nyasi akapata pa kuanzia. Baadaye PWT3 yake ikaharibika, na ngano zenye Rwt3 nazo zikakosa kinga. Ugonjwa huo wa ngano ulitambuliwa katika jimbo la Paraná mwaka 1985. Makali yale yalitokana na kupoteza jeni, jambo la kumtia hofu yeyote anayechagua mbegu kwa kutazama mavuno peke yake.

Mwaka 2016 blasti iliathiri takriban hekta 15,000 za ngano Bangladesh. Msimu wa mvua wa 2017/18 ilionekana Mpika, Zambia, kwenye njia ya reli ya TAZARA. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2023 ulionyesha kuwa fangasi wa nchi hizo mbili ni wa ukoo mmoja, ulioingia kila nchi kivyake. Ukoo huo unabeba jeni AVR-Rmg8, ambayo protini yake ngano yenye jeni Rmg8 huitambua na kumzuia fangasi. Watafiti wa ngano wa Uyole na Selian wana kila sababu ya kuipa Rmg8 kipaumbele sasa, na mpaka wa Tunduma unahitaji ukaguzi makini wa mbegu, kwa kuwa punje iliyobeba fangasi huweza kuonekana nzima kabisa.