Je, Wajua? Njia mbili tumboni
Je, wajua kuwa upo upasuaji wa unene uliokithiri unaogeuza njia ya chakula? Kwanza daktari hupunguza mfuko wa tumbo mpaka ubaki mwembamba kama ndizi. Kisha huugawa utumbo mwembamba: chakula hupita huku, nyongo kule, navyo hukutana karibu na mwisho, zikibaki sentimita 100 hivi au pungufu. Mafuta mengi hutoka bila kufyonzwa.

Douglas Hess wa Ohio, Marekani, aliufanya upasuaji huu mwaka 1988. Uzito hushuka sana, na kisukari cha aina ya pili mara nyingi hutulia. Ila vitamini A, D, E na K nazo hupotea na mafuta hayo. Vidonge na vipimo vya damu ni vya maisha; asiyeviweza asikubali kisu.