Acheni Kuchoma Matamvua ya Zulia

Swali huja kwa maneno yale yale, likiambatana na picha ya simu: "Fundi, nimechoma uzi wa pembeni ukanuka nywele. Si ndiyo hariri hiyo?" Hapana. Hujathibitisha lolote, na muuzaji aliyekuwashia kiberiti analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Matamvua ni ncha za mtande, yaani nyuzi za urefu zilizotandazwa kwenye kitanda cha mfumaji kabla hajafunga fundo la kwanza. Unachokilipia hasa ni mafundo yaliyofungwa juu ya mtande huo: zile nyuzi fupi zilizosimama, zinazong'aa, unazozikanyaga. Mtande na nyuzi za juu si lazima viwe vya malighafi moja. Mazulia mengi ya Kashmir yana hariri juu na pamba chini. Choma matamvua yake, utasikia harufu ya karatasi, nawe utaliacha zulia la hariri halali dukani kwa kujiona mjanja. Kinyume chake kipo pia. Matamvua yanaweza kushonewa zulia likiwa limeshakamilika, na atakayeyashona atachagua uzi anaoutaka.

Tuseme basi umechoma uzi wa juu wenyewe. Hariri ni protini, kama unywele, ndiyo maana inanuka hivyo. Lakini sufu nayo ni protini. Sufu iliyooshwa kwa kemikali mpaka ikatoa mng'ao itanuka vile vile na itaacha jivu jeusi linalovunjika vidoleni vile vile. Moto unaweza kukutenganishia protini na pamba, au pamba na plastiki inayoyeyuka kuwa kidonge kigumu. Hauwezi kukutenganishia hariri na sufu, na uzi uliochanganywa utakupa harufu iliyochanganyika ambayo kila mtu ataisoma anavyopenda. Mnunuzi anataka iwe hariri. Muuzaji anataka iwe hariri. Itakuwa hariri.

Kinachoniudhi zaidi ni hasara. Ncha zile ndizo zinazozuia mshindio, yaani nyuzi za upana, na mafundo ya mwisho yasifumuke. Ukizipunguza kwa kiberiti leo, akija mwingine naye akajaribu kesho, ukingo unaanza kuachia safu kwa safu, na kurudishia mafundo ya hariri kwa mkono ni kazi ya siku nyingi. Mazulia mazuri yameharibiwa hivi na watu waliokuwa wakitafuta uhakika.

Kwa kuwa tumefika hapo, tumalizie na vipimo vingine vya dukani. Zulia kuonekana jeusi ukisimama upande huu na jeupe upande ule si ushahidi. Kila uzi unaong'aa uliolala upande mmoja hufanya hivyo, viskosi ikiwamo (nitaieleza punde). Kulisugua kwa kiganja ili usikie joto ni kupima kiganja chako. Jina lililofumwa pembeni nalo halitoshi. Hereke ni mji wa Uturuki wenye karakana iliyoanzishwa miaka ya 1840 na kufumia kasri za sultani, na jina lake limefumwa kwenye mazulia chungu nzima yaliyotoka Uchina.

Sasa, mnachouziwa kama hariri ni nini? Mara nyingi ni viskosi, uzi unaotengenezwa kwa kuyeyusha massa ya miti. Majina yake ya dukani ni matamu: hariri ya mianzi, hariri ya migomba, hariri ya mimea. Hakuna kiwavi aliyehusika. Viskosi ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, nyuzi hulala zisiinuke tena, na doa la maji matupu linaweza kukauka likiwa na rangi ya manjano. Sina ugomvi na viskosi ikiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake. Nina ugomvi na familia kulipa bei ya zulia la kurithisha wajukuu kwa kitu kitakachochakaa kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi.

Hesabu itawasaidia kuliko moto. Zulia zuri la hariri la Hereke lina mafundo 10 kwa 10 katika sentimita moja ya mraba. Hayo ni mafundo 1,000,000 kwa mita moja ya mraba. Hata tukimpa mfumaji hodari mafundo 10,000 kwa siku, bila kuumwa na bila sikukuu, mita moja ni siku 100. Zulia la mita 2 kwa 3 ni siku 600. Weka juu yake hariri yenyewe, rangi, usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Ukiambiwa zulia kama hilo, jipya, la mkono, linauzwa bei ya godoro, huna haja ya kiberiti.

Haya, ya kufanya. Pindua zulia uangalie mgongo: mafundo ya mkono hayalingani kikamilifu, na ua la mbele lazima lionekane nyuma. Omba nyuzi chache za juu, kutoka katikati, uziloweke nyumbani kwenye glasi ya jiki isiyochakachuliwa: hariri na sufu zitayeyuka, viskosi na pamba zitabaki. (Kwenye glasi, jamani, si kwenye zulia!) Kutenganisha hariri na sufu, mpelekee fundi mwenye hadubini. Risiti iandike nyuzi za juu ni za nini na mtande ni wa nini. Muuzaji akikataa kuandika, ondoka.

Wanaume wanaotaka zulia la hariri la kuswalia wamuulize shehe wao kabla ya kulipa, maana wanazuoni wengi wanamkataza mwanamume hata kuikalia hariri, ingawa Imamu Abu Hanifa aliruhusu.

Sebule yenye watoto, viatu na chai inataka sufu. Hariri iende chumbani au ukutani, mbali na dirisha, kwa sababu jua huila haraka kuliko nyuzi nyingine za asili. Mashine ya kufyonza vumbi isiwe na brashi inayozunguka, ifuate uelekeo wa nyuzi, isiguse matamvua. Ligeuzeni zulia kila baada ya miezi sita. Kikimwagika kitu, bonyezeni kwa kitambaa cheupe cha pamba, msisugue. Sabuni ya unga ina magadi yanayoidhoofisha hariri, chumvi hubaki ndani ya uzi na kuula, na siki kwenye maji baridi haishikishi rangi yoyote. Vyote vitatu viacheni jikoni. Pwani, zulia la stoo lizungushwe kwenye bomba, lisikunjwe, lifunikwe kwa shuka la pamba badala ya nailoni, na lifunguliwe kila baada ya miezi michache kukaguliwa wadudu, kuanzia upande wa mgongo.