Aliyefika wa 57

Kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni kama kilomita 60, na barabara inapanda zaidi kuliko inavyoshuka. Abiria wa Coaster husinzia, huamka, hununua mahindi ya kuchoma dirishani, wakasinzia tena. Msomaji anayeijua safari hiyo ajaribu kuipitisha marathoni juu yake. Mkimbiaji anaondoka Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Kwenye kilomita ya 19, katika kugombea nafasi na wenzake, anaanguka. Goti linateguka, bega linajigonga chini. Anafungwa bandeji, anasimama. Mbele yake zimebaki kilomita 23, na hata akizimaliza zote Njombe bado hajaiona, kwa kuwa marathoni inaishia kilomita 18 hivi kabla ya mji.

Hivyo ndivyo ilivyomkuta John Stephen Akhwari, Mtanzania wa kutoka Mbulu, tarehe 20 Oktoba 1968, ila barabara ilikuwa ya Mexico City.

Mji ule uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000, kwa hiyo wenyeji wake hawahitaji kuelezwa hewa ya juu ilivyo. Asubuhi za Juni, wanafunzi wanapokimbia mchakamchaka wakiwa na masweta, pumzi zao hutoka kama moshi, na bado wanaimba. Mgeni aliyepanda jana kutoka Dar es Salaam akijaribu kuwafuata atashika kiuno kabla wimbo haujafika kiitikio. Oksijeni ni haba, na mwili usioizoea hali hiyo huchoka upesi. Ndiyo maana Mexico ilikuwa neema kwa wakimbiaji wa nyanda za juu za Afrika. Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000. Kipchoge Keino, akiwa na maumivu ya kibofu cha nyongo, alimwacha Mmarekani Jim Ryun kwa mbali katika mita 1,500, siku ileile ya marathoni. Marathoni yenyewe ilikwenda kwa Mamo Wolde wa Ethiopia, kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26.

Akhwari naye alikuwa mtoto wa nyanda za juu, lakini siku hiyo mwili ulimgomea. Misuli ilimkaza, kisha akaanguka. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza, na 18 kati yao waliishia njiani, wengi bila jeraha kama lake. Yeye aliendelea, mara akikimbia, mara akichechemea, mara akitembea, bandeji ikining'inia mguuni. Alipoingia uwanjani, Wolde alikuwa amekwisha kumaliza zaidi ya saa nzima iliyopita. Jua lilikuwa limekwenda, watu wengi wamekwisha kuondoka. Waliobaki walisimama wakampigia makofi hadi mwisho wa uwanja. Saa 3, dakika 25, sekunde 27: wa 57 kati ya 57.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake likaizunguka dunia: nchi yake haikumtuma maili 5,000 ili aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Jambo moja husahaulika katika simulizi hii. Akhwari hakuwa msindikizaji. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alishika nafasi ya 5 katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Aliyechechemea Mexico alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu aliyekuwa na haki ya kutarajia mengi siku ile, na hilo linaufanya uamuzi wake kuwa mzito zaidi. Ni rahisi kumaliza wa mwisho kwa mtu aliyejua tangu asubuhi kwamba atakuwa wa mwisho.

Makambako ina uzi mwingine unaoifunga na Olimpiki, nao umelala pale stesheni. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupitia Rhodesia na Afrika Kusini za watawala wa kibaguzi. Ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976. Siku tatu baadaye Michezo ya Olimpiki ikafunguliwa Montreal, na Tanzania haikuwepo.

Sababu ilikuwa ileile iliyojenga reli. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa kuiondoa New Zealand katika Michezo, kwa hoja kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20 za Afrika zikasusa.

Gharama yake kwa Tanzania ilikuwa na jina: Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, kijana huyu wa Karatu alikuwa ameshika uongozi mapema na hakuuachia hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi iliyoanguka ilikuwa ya Jim Ryun, yuleyule aliyeshindwa na Keino. Aliyemfuata Bayi mgongoni alikuwa John Walker wa New Zealand, naye pia akiwa chini ya rekodi ya zamani. Dunia nzima ya riadha ilisubiri wakutane tena Montreal. Badala yake, tarehe 31 Julai 1976, Walker alitwaa dhahabu katika fainali ya mwendo wa taratibu, dakika 3 na sekunde 39.17. Fainali ile ilikosa mtu wa kuondoka na mbio tangu mwanzo. Mtu huyo alikuwa nyumbani.

Msimamo ule ulikuwa wa haki, na Bayi ndiye aliyeulipia kwa miguu yake.

Kisha ukaja mwaka 1980. Marekani, ikipinga Umoja wa Kisovieti kuingia Afghanistan, ilimtuma Muhammad Ali azishawishi nchi za Afrika zisiende Moscow. Alianzia Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea, na waandishi wa habari walimuuliza kwa nini Afrika iwasaidie Wamarekani ambao mwaka 1976 hawakuiunga mkono. Kenya ilisusa. Tanzania ilikwenda.

Tarehe 31 Julai, miaka minne kamili tangu fainali ile aliyoikosa, Bayi alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliondoka mbele kama kawaida yake, akawaacha wote, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipomkuta katika mzunguko wa mwisho. Fedha, kwa chini ya sekunde tatu. Kesho yake Suleiman Nyambui akatwaa fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja.

Hadi Michezo ya Paris ya 2024, hizo mbili ndizo medali zote za Tanzania katika Olimpiki. Juma Ikangaa alikuwa wa 6 katika marathoni ya Los Angeles mwaka 1984, Alphonce Simbu wa 5 Rio mwaka 2016. Simbu huyo, mwezi Septemba 2025, aliipa nchi dhahabu ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03.

Kabla ya Michezo ya Beijing, mwenge wa Olimpiki ulipita Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2008, mji pekee wa Afrika katika safari yake. Ulianzia kwenye stesheni ya TAZARA, mwanzo wa reli inayopita Makambako, ukaelekea Uwanja wa Taifa. Miongoni mwa waliokabidhiwa kuukimbiza alikuwa John Stephen Akhwari, umri wake ukiwa karibu miaka 70.