Hina ya Nywele Katika Baridi ya Eldoret

Mtu wa pwani aliyehamia Eldoret hulalamika kuwa hina yake haikolei. Hina haina kosa. Mji ule uko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, na majani ya mhina hutoa rangi upesi penye joto. Lamu saa chache hutosha. Eldoret ikoroge kwa maji ya uvuguvugu na ndimu, uifunike, ilale hadi asubuhi. Kisha jipake, ujifunge kitambaa, ungoje saa mbili tatu. Mvi hugeuka rangi ya shaba, na kichwa hupoa.

Wasio na subira hutia piko ili nywele ziwe nyeusi mara moja. Piko nyingi ina dawa iitwayo parafenilinidiamini, ambayo huweza kuvimbisha uso na kutoa malengelenge. Na mwili ukishaikataa, huikataa maisha. Tena Mtume (S.A.W.), alipoletewa Abu Kuhafa, mzee wa mvi tupu, siku ya kufunguliwa Makka, aliamrisha mvi zibadilishwe rangi, lakini weusi uepukwe.

Hina tupu haitoi weusi. Ukiuziwa "hina nyeusi", imetiwa kitu.